Lori likisimama, nani analipa?

Tunduma ina barabara kuu moja, na jioni barabara hiyo huwa mali ya malori. Yanapangana kichwa kwa mkia kuanzia lango la mpaka wa Zambia, yanapita katikati ya mji mbele ya maduka ya simu na nyumba za wageni, na foleni ikikaza inarudi nyuma hadi Mpemba na kuendelea. Ubavuni mwa tela kuna sanduku la chuma lenye kufuli. Dereva akishajua kuwa leo hasogei, hulifungua: jiko la gesi la mtungi mdogo, sufuria mbili, unga, kopo la chumvi, dumu la maji. Ugali unasongwa kivulini mwa matairi. Giza likiingia, utingo anatandika turubai chakavu chini ya tela na kulala usingizi wa mang'amung'amu, sikio likiwa kwenye tangi, maana dizeli ya gari lililosimama ina wateja wengi usiku.

Ofisi za kampuni za uchukuzi ziko Dar es Salaam, zina viyoyozi na ramani ukutani. Lakini faida na hasara ya biashara hii huamuliwa hapa, na katika vituo vingine vya namna hii: lango la bandari, mizani, Rusumo kwa wanaokwenda Rwanda, Kabanga kwa Burundi, na mbali zaidi Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Congo ambao madereva wa Kitanzania huutaja kwa kuguna kwanza.

Tufanye hesabu ya shule ya msingi. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na hadi Lubumbashi ni kama 2,000. Dereva mwenye gari zima anayetembea kilomita 500 kwa siku anafika siku ya nne. Kwenda na kurudi ni siku nane. Ongeza mbili za kupakia, mbili za kushusha na moja ya fundi. Zimekuwa 13. Kwa hesabu hiyo lori lingekwenda Congo na kurudi mara mbili kila mwezi na dereva akabakiwa na siku za kukaa nyumbani na watoto. Sasa mwulize mwenye gari. Safari moja ikikamilika ndani ya mwezi, anashukuru Mungu.

Siku nyingine zote zimekwenda wapi? Zimesimama. Na zikisimama, kila kinacholipwa kwa tarehe kinaendelea kulipwa: rejesho la benki, bima, mshahara, kodi ya yadi, leseni ya usafirishaji ya LATRA. Benki haikuulizi umetembea kilomita ngapi. Dizeli, ambayo kila mtu huilalamikia, ina angalau uungwana mmoja: gari lisipotembea hailiwi. Lori lililosheheni hula lita moja kwa takriban kilomita mbili, hivyo Lubumbashi kwenda na kurudi ni kama lita 2,000. Lita ikiwa Sh2,800, hizo ni Sh5.6 milioni, gharama inayojulikana kabla ya kuwasha injini na inayoweza kuingizwa kwenye bei ya mzigo. Siku za foleni haziingizwi popote. Zinamwangukia mwenye gari.

Ndiyo maana nimechoka na mjadala wetu kuhusu malori, ambao karibu wote ni wa mwendo: barabara mbovu, madereva wanaokimbia, bei ya mafuta ambayo EWURA hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Yote ni kweli. Lakini biashara hii inafia mahali ambapo gurudumu halizunguki, na mjadala huo hatujaufungua sawasawa.

Tumeingiaje katika kazi hii ya kuwabebea majirani? Kwa siasa. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia, na Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru wake, ikakatiwa njia yake ya mafuta ya kusini. Mapipa ya petroli yakaanza kutoka Dar es Salaam kwa malori, kupitia barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope masika. Magari yalipinduka, yakawaka, yakazama kwenye matope ya milima ya kusini, na waliokuwepo wakaiita njia hiyo Njia ya Jehanamu. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya pamoja ya malori ya Zambia na Tanzania. Bomba la TAZAMA likakamilika 1968. Lami ya barabara ya TANZAM ikafika mwanzoni mwa miaka ya 1970, sehemu kubwa kwa fedha za Wamarekani na Benki ya Dunia, wakati Wachina wakijenga TAZARA pembeni yake, reli ya kilomita 1,860 iliyokabidhiwa mwaka 1976.

Kwa hiyo ndani ya miaka kumi ushoroba mmoja ulipata bomba, barabara na reli. Kwa mipango ya wakati ule reli ndiyo ingebeba mizigo mizito, na malori yangebaki kusambaza vitu wilayani. Mambo yakageuka. TAZARA ilijengwa kwa uwezo wa tani milioni 2 kwa mwaka na haijawahi kuzifikia. Mwaka wake bora ulikuwa na tani zaidi kidogo ya milioni 1, na katikati ya muongo uliopita ilishuka hadi chini ya tani 100,000. Kampuni za uchukuzi za umma nazo zikachoka, moja baada ya nyingine, magari yakiwa juu ya mawe. Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipataje, watu binafsi walianza kuleta malori. Yaliyofuata ni miaka arobaini ambayo mtu na gari lake walibeba kazi ya shirika la reli.

Wakabeba kila kitu. Mafuta, ngano, mbolea, mitambo ya migodi, salfa ya kuchenjulia shaba huko Katanga. Na kurudi, shaba yenyewe, mabamba mekundu yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, mzigo unaoonekana mdogo juu ya tela kwa sababu ya uzito wake. Ndani ya nchi ni mahindi ya Songea na Rukwa yanayokutana Makambako, mchele wa Mbarali, mbao za Mafinga, nyanya za Ilula, makaa ya mawe ya Ruvuma yanayoshuka Mtwara. Congo imeipita Zambia na kuwa mteja mkubwa kuliko wote wa mizigo ya nje inayopita bandari ya Dar es Salaam.

Gari likitoka bandarini, kusimama kwake kwa kwanza kwa kisheria ni Vigwaza.

Mizani ya Vigwaza hupima gari likitembea, polepole, na lenye dalili ya kuzidisha hutolewa pembeni kupimwa upya likiwa limetulia. Sheria inayotumika ni ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza 2019: tani 8 ekseli ya usukani, tani 18 jozi ya nyuma ya kichwa, tani 24 ekseli tatu za tela. Jumla tani 50 kwa semi ya matairi 22, na tani 56 ndiyo mwisho kwa magari yenye ekseli saba. Toa uzito wa gari lenyewe, mzigo unabaki tani 30 au pungufu kidogo.

Sina huruma na wanaozidisha. Uharibifu wa lami hauongezeki sawasawa na uzito. Huongezeka takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli iliyozidishiwa asilimia 20 inaikwangua barabara kama ekseli mbili. Anayechomoka na tani tano za ziada amejilipa kwa fedha ya Mfuko wa Barabara, yaani tozo ambayo sote tunailipa kwenye kila lita. Lakini kuna jambo ambalo mwandishi wa sheria hakulala nalo kwenye foleni. Sheria inapima jumla, na inapima pia kila kundi la ekseli. Gari linaweza kutoka Dar es Salaam likiwa halali kabisa, likapanda na kushuka milima, mzigo wa kichele ukasogea ndani ya tela, na kufika Makambako ekseli za nyuma zimezidi ingawa jumla haijabadilika hata kilo. Dereva anaambiwa apange mzigo upya. Mzigo una sili ya forodha. Akiikata bila ofisa wa TRA, amejitengenezea kesi kubwa kuliko ile ya uzito. Basi anasimama, anapiga simu, anamsubiri mwenye mamlaka ya kukata na kufunga upya. Mizani inayofuata iko mbele, na mlima pia.

Kuna ukatili mwingine ambao nje ya biashara hii haujulikani sana. Kontena lina haki ambazo lori halina. Kampuni ya meli huandika kwenye mkataba wake siku kadhaa za bure, na zikipita, kontena linaanza kudai fedha kila siku mpaka lirudishwe tupu. Na ili kulichukua mwenye mzigo ameshaweka dhamana. Ndiyo sababu mzigo mwingi wa Congo hutolewa ndani ya kontena hapa hapa Dar es Salaam ukapakiwa wazi na kufunikwa turubai. Wenye meli walijua tangu zamani kwamba chombo kilichosimama ni hasara, wakaamua hasara hiyo isiwe yao. Lori lililobeba kontena hilo, lenye thamani mara nyingi zaidi, likikaa wiki mbili Kasumbalesa, mmiliki wake mdogo halipwi hata senti. Kampuni kubwa zenye mikataba ya moja kwa moja na migodi huandika kifungu cha siku za kusubiri. Mwenye gari moja au mawili, aliyepata mzigo kwa dalali aliyeupata kwa wakala aliyeupata kwa kampuni nyingine, anapewa bei ya safari na maneno ya kutia moyo.

Na hao wenye gari moja na mawili ni wengi. Chama cha Wamiliki wa Malori, TATOA, kinawakilisha zaidi wakubwa. Wadogo na wa kati wana chama chao, TAMSTOA, na kuwapo kwa vyama viwili peke yake kunakueleza kuwa matatizo yao hayafanani. Mkubwa gari likiharibika Mikumi anatuma jingine likavute. Mdogo anauza kiwanja.

Turudi Tunduma. Mwezi Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha huduma mpakani, ili gari lishughulikiwe mara moja tu, upande linakoingia. Wazo ni zuri na majengo ni mazuri. Foleni iliendelea kurudi, kwa sababu jengo haliharakishi karatasi ambazo hazijafika. Wakala anayesubiri lori lifike mpakani ndipo aanze kuingiza hati kwenye mfumo wa Zambia anatengeneza foleni. Mtandao ukilala, foleni. Mwenye mzigo hajalipa ushuru, gari lake linabaki kwenye mstari na kuwazibia wengine ambao wamelipa, kwa kuwa mji una ile barabara moja na hakuna mahali pa kutosha pa kuliweka pembeni. Ukivuka, kipande cha Mpika hadi Serenje kinakungoja na mashimo yake. Kisha Kasumbalesa.

Mwaka 2020 tuliona jinsi kamba hii ilivyo nyembamba. Mwezi Mei Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, baada ya maambukizi ya Uviko kupanda, na Rwanda ikataka madereva wabadilishane Rusumo, Mtanzania ashuke kwenye gari lake na mgeni aliendeshe ndani. Madereva waligoma. Kwa siku kadhaa nchi za jirani zilikuwa zikihesabu mafuta yaliyobaki kwenye matangi yao, na ghafla mtu anayelala chini ya tela akawa anatajwa kwenye mikutano ya mawaziri.

Alisahaulika upesi. Dereva hupewa posho ya safari kwa makadirio ya siku za kutembea. Siku ya tatu ya foleni posho imekwisha: amekula, amelipa choo, amelipa ada ndogondogo za halmashauri za Zambia, na kule Congo kila kizuizi kina mtu anayetaka kitu. Akimpigia tajiri simu, tajiri naye hajalipwa safari iliyopita. Hapo ndipo lita 40 zinatoka kwenye tangi na kuingia kwenye madumu ya vijana wa kandokando ya barabara. Wizi ni wizi, na wapo madereva wanaouza mafuta hata wakiwa na posho ya kutosha. Ila matajiri wanaofunga vifaa vya kisasa vya kupima mafuta na wakati huohuo hawana fungu la siku za foleni wanatibu homa kwa kuvunja kipimajoto. Mgomo wa madereva wa Aprili 2015, uliosimamisha nchi kuanzia Ubungo, ulikuwa na madai ya mikataba ya ajira ndani yake. Bado utamkuta mtu anayeendesha mali ya mamilioni ya shilingi bila karatasi hata moja yenye jina lake.

Siku zilizopotea hudaiwa barabarani. Dereva aliyekaa wiki mpakani anaambiwa ziko wapi tani za kurudi, meli inaondoka, ongeza mwendo. Anaendesha usiku kucha. Akishuka Iwambi kule Mbeya, au kona za Kitonga, wapo wanaoweka gia huru ili injini isile mafuta. Gari la tani 50 lililoachiwa kwenye mteremko linategemea breki peke yake, na breki zikichemka hazishiki. Magazeti yataandika kuwa chanzo ni mwendo kasi. Hayatauliza alisimama siku ngapi kabla ya kukimbia. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka na watu wakakimbilia petroli na ndoo. Moto ukaua zaidi ya watu 100. Tukio lile lilikuwa na sababu zake, na nyingi ni za umaskini wa waliochota. Nalitaja kwa sababu tangu siku hiyo hatuwezi kusema kwamba usalama wa lori ni jambo la dereva na tajiri wake.

Sasa reli inarudi, na safari hii inaonekana haitanii. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, na mwaka uliofuata mabehewa ya mizigo yakaanza kutembea. Bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, ilizinduliwa mwishoni mwa Julai 2025 ili makontena yatoke bandarini kwa reli na malori yayachukulie huko badala ya kusongamana mjini. Vipande vinavyokwenda Tabora, Isaka na Mwanza vinajengwa, na kingine kitatoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Upande wa kusini, kampuni ya Kichina ya CCECC imepewa TAZARA kwa miaka 30, pamoja na ahadi ya kuweka dola bilioni 1.4, miaka mitatu ya kwanza ni ya ukarabati. Bomba la TAZAMA nalo, lililokuwa likipeleka mafuta ghafi Ndola, tangu 2023 linasukuma dizeli, na kila lita inayopita humo ni lita ambayo haikupanda lori la tangi.

Katika vijiwe vya wenye magari haya yote yanasikika kama tangazo la msiba. Siamini hivyo, ingawa naelewa hofu, kwa sababu jirani yetu alishaonja. Kenya ilizindua SGR ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Mwaka 2019 serikali ikaagiza mizigo ya Nairobi na ya nchi za ndani ipande treni, itake isitake. Mombasa wakaandamana kila wiki. Yadi za malori zikawa viwanja vitupu, na miji inayoishi kwa lori kwenye barabara ile, Mariakani na Mtito Andei miongoni mwao, ikabaki na vibanda visivyo na wateja. Wenye mizigo nao hawakufurahi: kontena likishafika bandari kavu ya Nairobi bado linahitaji lori la kulifikisha ghalani, na wakati mwingine jumla ilizidi bei ya lori moja kutoka Mombasa moja kwa moja. William Ruto alipoapishwa Septemba 2022 alilifuta agizo hilo siku hiyohiyo.

Funzo ninalolichukua Mombasa ni kwamba treni iliyo bora haihitaji agizo. Mwenye kontena 40 za kwenda sehemu moja ataifuata mwenyewe, kwa kuwa treni ina ratiba na haisimami Vigwaza. Mwenye tani 28 za mbolea za kufikisha kwenye maghala matatu ya Sumbawanga hataifuata hata kwa bakora. Lori litabaki na mazao, usambazaji, safari za Kwala na Isaka, na kwa muda mrefu litabaki na Katanga, ambako migodi haiko kandokando ya reli yetu. Litapoteza safari ndefu za mzigo mzito unaofanana, zile zinazompa mtu jeuri ya kununua gari la pili. Serikali ikijiepusha na agizo, mabadiliko haya yatachukua miaka na watu watajipanga. Ikilazimisha, tutaisikia Mbeya na Chalinze kabla ya kuisikia bungeni.

Hata hivyo mshindani wa kuogopwa zaidi yuko Atlantiki. Reli ya Lobito, kutoka mpaka wa Congo hadi bandari ya Angola, iko mikononi mwa mwekezaji kwa miaka 30, na Marekani imeipa uzito kiasi kwamba Rais Joe Biden alikwenda Lobito mwenyewe Desemba 2024. Walvis Bay, Beira na Durban hazijalala. Tulishajifunza jinsi mzigo unavyohama. Mwaka wa fedha 2016/17 tulitoza VAT kwenye huduma za mizigo ya nje inayopita kwetu. Wateja hawakuandamana, walipeleka tu hati zao bandari nyingine, na mwaka uliofuata tukaifuta. Migodi ya Kolwezi, Congo, inahesabu siku. Siku za foleni Tunduma na Kasumbalesa ni zawadi yetu kwa Angola, na haiandikwi kwenye bajeti yoyote.

Bandarini hali imeanza kubadilika. DP World walichukua sehemu ya gati za Dar es Salaam Aprili 2024, na Adani wakaingia upande wa makontena. Lakini meli ikishushwa haraka, foleni inatoka baharini na kuja nchi kavu; tani zilezile zinafika Tunduma kwa kishindo zaidi. Kupanua lango bila kupanua ukumbi ni kuongeza msongamano mlangoni. Upanuzi wa TANZAM kuwa njia nne kupitia jiji la Mbeya, kutoka Uyole hadi Songwe, utasaidia Mbeya. Tunduma inahitaji njia yake ya kupita nje ya mji na viwanja vya kuegesha ambavyo gari lisilo na hati linapelekwa huko na kukaa huko, wenye hati wapite.

Kwenye magari yenyewe nina matumaini zaidi. Tela tunatengeneza wenyewe; Superdoll ya Dar es Salaam imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na utakutana na chapa yake hadi Lubumbashi. Malori ya FAW yanaunganishwa Kibaha. Bei za Wachina zimemwezesha mtu aliyekuwa akinunua Scania iliyozeeka Ulaya kupata gari jipya kwa mkopo, jambo jema mpaka siku magari yanapozidi mizigo na bei ya safari kuporomoka, kwa kuwa kila mwenye rejesho anakubali chochote ili asilale yadi. Gesi asilia nayo ipo: Dangote, kiwanda cha saruji cha Mtwara, kina malori yanayotumia gesi. Kwenye njia ya TANZAM hilo litabaki ndoto mpaka vituo vya kujazia vifike Makambako na Mbeya.

Lililo karibu zaidi, na lisilohitaji zege wala lami, ni karatasi. LATRA tayari inatoa leseni kwa kila gari la mizigo. Inaweza kutengeneza mkataba wa mfano wa usafirishaji wenye vitu vichache: siku za bure mpakani, kiwango cha malipo kwa kila siku inayozidi, na muda wa mwisho wa kumlipa mwenye gari baada ya kushusha. Dalali atapiga kelele, mwenye mzigo atanung'unika, na wakala atagundua kwamba akichelewesha hati kuna mtu atakayemdai. Hapo hati zitaanza kufika kabla ya lori. Vyama viwili vya wamiliki vikisimama pamoja kwa jambo hili moja tu, vina nguvu ya kutosha, maana Congo haina njia nyingine ya kutosha kuchukua tani zote hizo mwezi ujao.

Miaka mitano ijayo inaweza kuwa nayo. Wakati TAZARA inafumuliwa na kukarabatiwa, shehena yake itapita barabarani, na Lobito haijafikia uwezo wake. Hiyo ndiyo miaka ambayo mwenye gari moja anaweza kukaa mezani na kutaka alipwe siku za kusubiri. Reli zote mbili zikishakuwa zinatembea, mwenye mzigo hatakuwa na sababu ya kumsikiliza.